Namna ya kuandika rekodi ya bondia wa ridhaa: twende na Imane Khelif wa Algeria

Bondia yeyote akitajwa klabuni kwetu Temeke, swali la kwanza ni lilelile: kacheza mangapi, kashinda mangapi, kapigwa mangapi, KO ngapi? Hilo ni swali la ngumi za kulipwa, na huko ni swali sahihi. Kwenye ngumi za ridhaa halikufikishi mbali. Bondia wa kulipwa hutafutiwa mpinzani, na promota anaweza kumletea watu wa kumjengea rekodi. Bondia wa ridhaa humpata aliyeletwa na droo. Anaweza kupanda ulingoni mara nne au tano ndani ya wiki mbili, na akipoteza pambano moja anafunga begi anarudi kwao. Ukijumlisha ushindi na vipigo vyake bila kutazama ni mashindano gani, kilo ngapi na nani alikuwa mbele yake, utakuwa na namba mkononi na bondia mwenyewe humjui.

Mimi ndiye mtunza daftari la klabu. Khelif alipochukua dhahabu ya Paris mwaka 2024, wasichana wetu waliomba ukurasa wake. Nikaona niuandike vizuri, na hapa naeleza ninavyofanya, ili katibu wa klabu nyingine, mwandishi chipukizi wa michezo au kocha aweze kumwandika bondia yeyote wa ridhaa kwa haki anayostahili.

Chukua daftari la kaunta, si karatasi za kuchana. Ukurasa uugeuze ulale, upige mistari ya safu hizi: tarehe, mashindano na mji, kilo, hatua (mtoano wa kwanza, robo, nusu, fainali), mpinzani na nchi yake, matokeo, na mwandaaji. Pembeni acha nafasi pana ya maelezo, kwa sababu maelezo ndiyo yatakayokula wino. Mstari mmoja uliokamilika unasomeka hivi: 9 Agosti 2024, Michezo ya Olimpiki, Paris, kilo 66, fainali, Yang Liu wa China, ameshinda 5:0, IOC (Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki).

Kabla ya kutafuta chochote, ujue jina linaandikwaje kwao. Magazeti ya Algeria huandika kwa Kiarabu na kwa Kifaransa, na majina yao kwa herufi zetu hufuata Kifaransa. Ukitafuta “Hussein Sultani” hutamwona bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1996. Yeye ni Hocine Soltani. Andika tahajia zote utakazokutana nazo juu ya ukurasa. Shirika la habari la taifa lao, APS, lina habari nyingi za mabondia wao ambazo magazeti yetu hayazigusi. Tovuti maarufu za rekodi za ngumi zimejengwa zaidi kwa ajili ya mabondia wa kulipwa, kwa hiyo usishangae ukikuta ukurasa wa mtu mwenye medali ya dunia una mistari miwili. Kimbilia matokeo rasmi ya mashindano yenyewe, yale yenye droo nzima, siyo habari ya mshindi peke yake.

Sasa droo. Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Tazama mstari wa Khelif wa Tokyo. Michezo ile inaitwa ya 2020 lakini ilipiganwa 2021 kwa sababu ya korona, basi kwenye safu ya tarehe andika mwaka wa pambano. Alicheza kilo 60. Alimtoa Mariem Homrani Zayani wa Tunisia, kisha akapigwa 5:0 robo fainali. Anayesoma haraka ataandika “Tokyo: robo fainali, katolewa” na kufunga. Wewe usifunge. Fuata aliyemtoa. Ni Kellie Harrington wa Ireland, na Harrington alisonga mpaka fainali, akamshinda Beatriz Ferreira wa Brazil, akachukua dhahabu. Kwa hiyo Khelif hakutolewa na yeyote ila bingwa. Kwenye maelezo naandika: “mshindi wake alichukua dhahabu”. Maneno manne, na mstari umebadilika maana.

Fanya hivyo kwa kila kipigo. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya wanawake Istanbul, alifika fainali ya kilo 63 na akashindwa na Amy Broadhurst, naye pia wa Ireland. Alirudi na fedha. Ukiweka mistari hii miwili jirani, unaona bondia aliyekuwa ametoka mapema kwenye mashindano ya dunia ya 2018 kule New Delhi na ya 2019 kule Ulan-Ude, Urusi, kisha ndani ya miaka mitatu akawa anasimamishwa na mabingwa peke yao. Hakuna jumla ya ushindi na vipigo itakayokuonyesha hilo. Mwaka huohuo wa 2022 alichukua dhahabu ya Michezo ya Mediterania nyumbani kwao, Oran, na ya ubingwa wa Afrika, Maputo. Zote ziingie, lakini usiziwekee uzito mmoja na fainali ya dunia. Mashindano ya kanda hupima kanda.

Fuata pia walioshindwa naye. Paris alicheza mapambano manne kati ya tarehe 1 na 9 Agosti: Angela Carini wa Italia, Anna Luca Hámori wa Hungary, Janjaem Suwannapheng wa Thailand, na Yang Liu. Sasa rudi nyuma ukatafute fainali ya dunia ya kilo 66 ya mwaka 2023, New Delhi. Waliocheza ni Yang Liu na Suwannapheng, dhahabu na fedha. Maana yake ni kwamba Paris, kwenye nusu fainali na fainali, Khelif aliwashinda bingwa wa dunia na wa pili wake, wote 5:0. Jambo hili sikulisoma kwenye habari yoyote wakati ule. Kelele zote zilikuwa kwenye pambano la Carini, lililokwisha kwa sekunde 46 baada ya Carini kujiondoa. Pambano lile liandike lilivyo: mpinzani ameacha. Lisiingie kwenye KO, na lisijaze ukurasa wakati yako mapambano matatu ya raundi zote yanayokuonyesha bondia mwenyewe.

Na hapo New Delhi 2023 pana mstari mgumu, na hapo ndipo safu ya mwandaaji inapoonyesha kazi yake. Khelif alifika fainali ile, baada ya kumshinda Suwannapheng kwenye nusu. Kabla hajapanda ulingoni IBA, chama kilichoandaa mashindano, kilimwondoa kwa kusema hakutimiza masharti yake ya kustahiki kucheza na wanawake, na nafasi yake akapewa Suwannapheng. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ambayo Juni 2023 iliiondolea IBA utambuzi, ilisema uamuzi ule ulichukuliwa ghafla na bila utaratibu wa haki, na kwa kanuni zake yenyewe ikampokea Khelif Paris kama ilivyompokea Tokyo. Kwenye daftari andika haya tu: nani aliamua, lini, kwa mashindano gani, na mwingine aliamua nini. Mwili wa mtu si mali ya daftari la klabu. Nimewaambia wasichana wetu wazi kwamba picha na maneno ya mitandaoni kuhusu mwili wa Khelif hayataingia kwenye ukurasa ule, na wamenielewa kuliko watu wazima wengi, kwa sababu wao wenyewe wanajua msichana anayevaa glovu huitwa nini mtaani.

Ndiyo maana safu ya mwandaaji siiachi wazi hata siku moja. Tokyo na Paris ngumi ziliendeshwa na IOC yenyewe, siyo IBA. Tangu 2023 kuna chombo kingine, World Boxing. “Bingwa wa dunia” wa mwaka fulani anaweza kuwa wa chombo kimoja na mwenzake wa chombo kingine, na miaka kumi ijayo hakuna atakayekumbuka kama hukuandika leo.

Kilo ni safu nyingine inayosimulia, mradi usiione kama maelezo ya mzani. Khelif: kilo 60 Tokyo, 63 Istanbul, 66 Paris. Mtu atasema alikuwa anaongezeka. Huenda, lakini weka kando ya kilo zake orodha ya madaraja yaliyokuwepo. Mashindano ya dunia ya wanawake ya Istanbul 2022 yalikuwa na madaraja 12, na 63 lilikuwa mojawapo. Olimpiki ya Paris ilikuwa na madaraja sita tu kwa wanawake: 50, 54, 57, 60, 66 na 75. Bondia wa kilo 63 hakuwa na mahali Paris. Ama ashuke hadi 60, ajinyime, ama apande hadi 66 akutane na watu waliozoea kubeba uzito ule. Khelif alipanda. Ukiandika kilo bila kuandika daraja lililokuwa jirani, unaficha uamuzi mkubwa kabisa wa maisha yake ya ulingoni. Wanawake wenyewe waliingia Olimpiki mwaka 2012, London, na wakati ule madaraja yalikuwa matatu tu: 51, 60 na 75. Msichana wa kilo 66 wakati ule angeambiwa akapigane na wa 75.

Matokeo yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa namba zinafanana na maana hazifanani. Ukiona 5:0 ya siku hizi, ni majaji watano wote wamempa mtu mmoja pambano. Aliyepoteza si kwamba hakupiga ngumi ya maana. Kila jaji hutoa pointi kumi kwa mshindi wa raundi na tisa au pungufu kwa mwenzake, na inawezekana kabisa majaji wote watano wakatoa 29 kwa 28, pambano likawa la kukaribiana, na karatasi ikaandikwa 5:0. Ukipata kadi za majaji, nakili raundi kwa raundi. Usipozipata, usiandike “alimtawala” kwa kuangalia 5:0 peke yake.

Lakini rudi nyuma kwa Hocine Soltani, uone 3 kwa 3.

Soltani, aliyezaliwa Thénia mwaka 1972, alichukua shaba Barcelona 1992 kwenye kilo 57, na miaka minne baadaye Atlanta akachukua dhahabu kwenye kilo 60, akimshinda Tontcho Tontchev wa Bulgaria fainali. Matokeo ya fainali ile yanasomeka 3–3. Kijana wa leo akiona hivyo ataamini majaji sita waligawanyika, au kwamba watu wawili walicheza raundi tatu wakagusana mara tatu tatu. Hakuna hata moja lililo kweli. Kuanzia Barcelona, baada ya fedheha ya Seoul 1988 pale Roy Jones wa Marekani alipopokonywa ushindi dhidi ya Park Si-hun wa Korea Kusini, Olimpiki ilitumia mashine. Kila jaji alikuwa na kitufe cha kona nyekundu na cha kona ya bluu, na ngumi ilihesabiwa ikiwa angalau majaji watatu kati ya watano wamebonyeza ndani ya sekunde moja. Ngumi ya tumboni iliyoonwa na majaji wawili haikuwepo. Mchanganyiko wa ngumi nne za haraka ungeweza kuzaa pointi moja. Basi 3–3 ni ngumi zilizokubaliwa na majaji wa kutosha kwa wakati mmoja, na mashine ilipotoka sare ilibidi kanuni ya kuvunja sare itumike, Soltani akapewa dhahabu.

Mashine iliendelea mpaka London 2012, kisha mfumo wa pointi kumi ukaingia. Kwa hiyo kwenye safu ya matokeo ya mtu wa zamani naongeza herufi M, ya mashine, ili asomaye asilinganishe 3–3 ya Atlanta na 3:2 ya majaji wa leo. Kwa mtu aliyecheza vipindi vyote viwili, kama Mohamed Flissi, herufi hiyo ni ya lazima. Flissi alikwenda Olimpiki tatu, 2012, 2016 na Tokyo, ambako alishika bendera ya nchi yake, na hakurudi na medali hata moja. Anayehesabu medali za Olimpiki hatamwandika kabisa. Mwenye daftari zuri ataandika fedha ya dunia ya Almaty 2013 na shaba ya dunia ya Doha 2015, na atajua kwamba ni mmoja wa mabondia wakubwa waliotoka Afrika miaka ile.

Raundi nazo zilibadilika. Soltani alicheza raundi tatu za dakika tatu. Sydney 2000 ziliwekwa nne za dakika mbili. Baadaye wanaume wakarudi kwenye tatu za dakika tatu. Wanaume walivua kofia za kinga Rio 2016. Wanawake bado walikuwa nazo Paris. Kwa hayo mstari mmoja wa maelezo unatosha.

Shaba usiidharau wala usiipambe. Kwenye ngumi za Olimpiki hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu. Wote wawili waliopoteza nusu fainali hupewa shaba. Kwa hiyo pambano la kutafuta medali ni robo fainali, na ukimwandika bondia lazima umtaje mpinzani wake wa hapo. Angalia pia nani hakuwepo. Medali za kwanza za Algeria katika Olimpiki zilikuwa za ngumi, Los Angeles 1984, shaba mbili, za Mohamed Zaoui na Mustapha Moussa. Mwaka ule Wasovieti na Wacuba walisusa, na Cuba haikuonekana tena Seoul 1988. Siandiki hivyo ili kumpunguzia mtu medali yake; aliyekuja alipigana na waliokuja. Naandika kwa sababu droo bila Cuba ni droo tofauti, na msomaji ana haki ya kujua. Mapengo nayo yaandikwe. Ukimfuatilia bondia wa Algeria, wa Kenya au wa kwetu Tanzania aliyekuwa kwenye ubora wake mwaka 1976, utakuta Montreal hayupo. Hakushindwa kufuzu. Nchi zetu zilisusa kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi.

Ukishamaliza mistari, mweke bondia wako kwenye foleni ya waliomtangulia. Hapo ndipo ukubwa wake unaonekana kwa msomaji wa huku kwetu. Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu ya Seoul 1988 kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa kwenye raundi ya pili. Dhahabu ya Afrika iliyofuata katika ngumi za Olimpiki ni ya Soltani, 1996. Iliyofuata baada ya hiyo ni ya Khelif, 2024. Miaka 28 katikati, bara zima, hakuna. Wasichana wetu niliwaonyesha foleni hiyo kabla ya kuwaonyesha kitu kingine chochote, na mmoja akauliza mbona Tanzania haimo. Nikamfungulia ukurasa wa Michael Yombayomba, dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur 1998, na wa Titus Simba, fedha ya Edinburgh 1970. Tumo, ila kwa mashindano mengine, ndiyo maana safu ya mashindano haiandikwi kwa kifupi.

Maisha nje ya ulingo yapewe aya moja iliyothibitishwa. Khelif alizaliwa mwaka 1999 na kukulia kijijini karibu na Tiaret. Alipenda mpira wa miguu kabla ya ngumi, na ameeleza mwenyewe kwamba aliuza vyuma chakavu, mama yake akauza kuskusi, ili ipatikane nauli ya basi la kwenda mazoezini, na kwamba baba yake mwanzoni hakutaka binti yake acheze ngumi. Hayo yanatosha, na yametoka kinywani mwake. Soltani alihamia ngumi za kulipwa, na aliuawa Marseille, Ufaransa, mwaka 2002. Liandike kwa sentensi moja, bila mapambo. Wangila alifariki Las Vegas mwaka 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni, naye pia tayari alikuwa kwenye ngumi za kulipwa. Bondia akivuka kwenda kulipwa, piga mstari mzito chini ya rekodi ya ridhaa na anza ukurasa mwingine. Usichanganye hesabu hizo mbili hata kama mtu mwenyewe atakuomba.

Kuhakiki: mpe daftari mtu mwingine pamoja na matokeo rasmi, yeye asome matokeo kwa sauti, wewe ufuate kwa kidole. Makosa mengi hujificha kwenye kilo na kwenye tarehe, mara chache kwenye majina ya wapinzani. Chini ya ukurasa weka tarehe uliyohakiki.

Mabondia wa klabuni kwako nao uwaandike kwa safu hizohizo, kuanzia pambano la kwanza la mtaani. Khelif ana IOC ya kumtunzia matokeo. Binti aliyecheza Jumamosi kwenye uwanja wa shule hana wa kumtunzia ila wewe. Pata jina kamili la mpinzani, klabu yake, kilo za wote wawili kama zilivyosomeka kwenye mzani, majina ya majaji, na matokeo ya kila raundi kabla karatasi hazijatupwa. Muulize mpinzani kwa heshima tahajia ya jina lake, na umwonyeshe ulivyoliandika.